Biashara ya kificho humfukuza mgeni na kumfunga mwenyeji

MTUME wetu Muhammad (S.A.W.), kabla ya kupewa utume, alikuwa mfanyabiashara, na watu wa Makka wakamwita Al-Amin, yaani Mwaminifu.

Ndugu Waislamu, jambo tunalolizungumzia Ijumaa hii linagusa mfuko wa kila nyumba, ingawa aghalabu huachiwa wachumi na mawaziri peke yao. Nalo ni biashara inayofanyika kwa kificho, nje ya daftari na nje ya macho ya sheria, na namna inavyoathiri uwekezaji kutoka nje. Vijana wetu wanaomaliza shule kila mwaka huambiwa kwamba wawekezaji wataleta viwanda na ajira. Lakini wapo wawekezaji wanaofika, wakatazama, wakageuka. Wapo wasiokuja kabisa. Na wapo wanaokuja wakajifungia ndani ya uzio wao, wasinunue hata fungu la mchicha kwa jirani. Sababu ni nyingi, lakini mojawapo imo mikononi mwetu wenyewe.

Si kila kilicho kivulini ni haramu

Wataalamu huiita hali hii uchumi wa kivuli. Ni vyema tangu mwanzo tutenganishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya.

La kwanza ni riziki ya mnyonge. Mama lishe, fundi viatu, kinyozi wa chini ya mwembe na kijana anayetembeza nguo begani wanafanya kazi ya halali. Hawakujiandikisha popote kwa sababu gharama na mzunguko wa ofisi ni mzigo mkubwa kuliko faida ya siku. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilitoa ripoti mwaka 2018 likaonyesha kwamba watu bilioni 2, zaidi ya asilimia 60 ya wafanyakazi wote duniani, wako katika sekta hii isiyo rasmi. Katika Afrika ni karibu asilimia 86. Wakenya huwaita watu wa jua kali, nasi Tanzania twawaita wamachinga.

La pili ni biashara ya halali yenye uso mbili. Mwenye duka la jumla, ghala au kiwanda ana leseni ukutani, lakini ana madaftari mawili. Moja humwonyesha mkaguzi, na la pili ni la kweli. Risiti haandiki mpaka aombwe, na bandarini thamani ya mzigo huipunguza kwa kalamu.

La tatu ni uovu wenyewe: dawa za kulevya, meno ya tembo, bidhaa bandia, magendo ya mipakani na rushwa inayoyafungulia njia yote hayo.

Wote hao wako kivulini, lakini hukumu yao si moja. Wa kwanza anahitaji kufunguliwa mlango, wa pili anahitaji kuonywa na kuhesabiwa, na wa tatu anastahiki mkono wa sheria. Nchi inayowapiga wote kwa fimbo moja huishia kumwumiza wa kwanza, kwani ndiye asiyekuwa na pa kukimbilia.

Miaka ya foleni na magendo

Wazee wetu hawahitaji kusimuliwa habari hizi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, benki na makampuni makubwa yaliwekwa mikononi mwa umma, na mtaji binafsi wa kigeni ukapungua sana nchini. Nia ilikuwa njema, kwani taifa changa lilitaka kujitegemea. Lakini kadiri miaka ya 1970 ilivyosogea, bei za bidhaa zilipangwa na Tume ya Bei, uingizaji wa bidhaa ulikuwa kwa kibali, na fedha za kigeni zilitolewa kwa uchache. Bei ya mafuta duniani ilipopanda, na vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilipomaliza akiba, maduka yakabaki na rafu tupu. Sukari, sabuni, unga na khanga vikawa vitu vya foleni.

Hapo ndipo ulanguzi ulipostawi. Bidhaa iliyokosekana mbele ya duka ilipatikana nyuma ya duka kwa bei nyingine. Shilingi nayo ikawa na thamani mbili: ya benki, na ya uchochoroni ambako dola iliuzwa kwa mara kadhaa ya bei rasmi. Profesa Maliyamkono na Profesa Bagachwa, katika kitabu chao cha mwaka 1990 kuhusu uchumi huu wa pili wa Tanzania, walikadiria kwamba mwaka 1978 ulikuwa sawa na takriban asilimia 10 ya pato rasmi la taifa, na kufikia mwaka 1986 umepanda hadi takriban asilimia 30.

Mwaka 1983 serikali, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilianzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi. Waliokamatwa ni wengi. Wenye mali walitupa magunia vichakani na baharini kwa hofu ya kupekuliwa, na zipo nyumba ambazo wakati zinatupa sabuni, jirani zao walikuwa wakifua kwa majani ya mpapai. Mhalifu aliogopa kwa kitambo, lakini sukari haikuongezeka kwa sababu ya hofu.

Kilichobadili hali ni hatua iliyofuata. Katika bajeti ya mwaka 1984, mwananchi mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuleta bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Rafu zikaanza kujaa. Mwaka 1985 akaingia madarakani Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyepewa na wananchi jina la Mzee Ruksa. Mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuvutia na kulinda uwekezaji, na mwaka 1992 yakaruhusiwa maduka ya kubadilishia fedha. Mwaka 1996 ikaanza kazi Mamlaka ya Mapato (TRA), na mwaka 1997 kikaundwa Kituo cha Uwekezaji (TIC), ambacho mwaka 2025 kimeunganishwa na mamlaka ya maeneo maalumu ya uchumi. Nchi ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa ikipata mtaji mdogo mno kutoka nje, ilifika mwishoni mwa muongo huo ikipokea mamia ya mamilioni ya dola kwa mwaka, hasa katika madini.

Somo la miaka ile ni hili: bei ya uongo huzaa soko la uongo. Mgeni mwenye dola yake hakubali kuibadilisha benki kwa sehemu ndogo ya thamani yake halisi. Ama hatokuja, ama atakuja na kuingia uchochoroni kama wengine.

Mgeni haoni gizani

Kuna jambo moja ambalo wengi wetu hatulitilii maanani. Biashara ya kificho haiendeshwi bila uaminifu. Mtu humpa mwenzake mzigo wa mamilioni bila karatasi, kwa kuwa anamjua baba yake, ameswali naye na ameoana naye. Hawala ya fedha kati ya Dubai, Mombasa na Dar es Salaam ilisimama kwa muda mrefu juu ya neno la mtu. Huo ni uaminifu wa kweli na si wa kubezwa.

Lakini ni uaminifu wa wanaojuana. Mwekezaji kutoka Muscat, Jakarta au Istanbul hamjui baba wa yeyote. Kwake yeye, kisichoandikwa hakipo. Akitaka kushirikiana na mwenye ghala wa hapa, ataomba hesabu za miaka mitatu zilizokaguliwa. Mwenye ghala ana mali, ana wateja na ana sifa njema mtaani, ila hesabu anayoweza kuionyesha ni ile ya uongo aliyomtengenezea mkaguzi, nayo yasema kwamba biashara yake ni hohehahe. Uongo aliousema ili akwepe kodi ndio huo huo unaomnyima mshirika na mkopo.

Tazama hoteli kubwa za kitalii katika pwani ya Zanzibar. Kila siku zahitaji samaki, mayai, mboga na matunda. Mhasibu wa hoteli hawezi kulipa shilingi bila risiti, kwani naye anaulizwa. Mvuvi na mkulima wa kijiji cha jirani hawana risiti wala kikundi kilichosajiliwa. Matokeo yake mboga hununuliwa kwa wakala wa mbali mwenye karatasi, na kijana wa kijijini huiona hoteli kwa mbali kama meli iliyotia nanga. Twalaumu kwamba wawekezaji hawatusaidii, na lawama hiyo ina ukweli wake, lakini sehemu ya ukuta huo ni karatasi tusiyokuwa nayo.

Dini yetu ililitangulia jambo hili kwa hekima kubwa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, aya ya 282 ya Surat Al-Baqara, haikuja kueleza habari za vita wala za falme. Imekuja kueleza deni liandikwe vipi: kuwe na mwandishi mwadilifu, kuwe na mashahidi, na watu wasichoke kuandika, liwe deni dogo au kubwa. Biashara ya mkono kwa mkono imepewa wepesi wa kutoandikwa, ila ile inayosubiri kesho huandikwa ili shaka iondoke. Na kesho ndiyo mali ya mwekezaji, kwani yeye hutoa fedha leo akitaraji faida baada ya miaka.

Mtume (S.A.W.) pia alikataza watu wa mjini kuukimbilia msafara wa biashara njiani kabla haujaingia sokoni. Mwenye ngamia alikuwa hajajua bei ya mji, na mjanja akitaka kumnunulia kwa bei ya chini gizani. Katazo hilo lilimlinda mgeni asidhulumiwe, na likawalinda watu wa sokoni wasikoseshwe bidhaa na wachache. Soko la Madina lilitakiwa liwe wazi, ambamo mgeni na mwenyeji wanaiona bei moja.

Mzigo humwangukia aliyesimama juani

Athari nyingine ni ya kodi. Shule, zahanati na barabara lazima zigharamiwe. Wengi wakiwa kivulini, mtoza kodi humrudia yule yule anayeonekana, na mara nyingi anayeonekana ni kampuni kubwa yenye bango na mwajiriwa mwenye hati ya mshahara. Katika Tanzania Bara, kampuni hutozwa asilimia 30 ya faida yake, na kodi ya ongezeko la thamani kwa kawaida ni asilimia 18. Mwenye kiwanda anayelipa vyote hivyo hukuta sokoni bidhaa kama yake iliyopita njia ya panya, isiyolipiwa chochote, ikiuzwa kwa bei ambayo yeye hawezi kuifikia hata akiuza bila faida. Atafunga kiwanda, au naye atafungua daftari la pili.

Hapa hutokea balaa lililojificha zaidi. Mwekezaji mwenye mtaji wa halali hupenda mwanga, kwa hiyo giza humfukuza. Lakini yuko mwingine ambaye giza ndilo limwitalo: mwenye fedha chafu anayetafuta pa kuzitakatisha, mchuuzi aliyejiita mwekezaji, na mtoa rushwa. Kwa hiyo uchumi wa kivuli hupunguza idadi ya wageni, na pia huwachuja kinyume, ukabakisha makapi na kupoteza mchele. Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitangaza amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, zikiwemo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu na saluni, baada ya malalamiko ya muda mrefu kwamba wageni wameingia katika riziki ya wachuuzi wazawa. Malalamiko hayo yasingefika huko lau kila aliyeingia kwa jina la mwekezaji angeonekana tangu siku ya kwanza anafanya nini.

Ukuta wa Mirerani

Tuchukue mfano wa madini, kwa kuwa humo mambo haya yote yalikutana mahali pamoja. Tanzanite iligunduliwa mwaka 1967 Mirerani, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Simanjiro mkoani Manyara, na haijapatikana kwa kuchimbwa kibiashara popote pengine duniani. Hata hivyo, kwa miaka mingi serikali yenyewe ililalamika kwamba vito hivyo vinaonekana zaidi katika biashara ya Kenya na ya India kuliko katika vitabu vya Tanzania. Vilipita mpakani mfukoni na kwenda kukatwa Jaipur, vikiacha nyuma mashimo na vumbi.

Machimbo yaligawanywa katika vitalu, na kitalu kimoja kikapewa kampuni ya kigeni yenye mitambo mikubwa. Wachimbaji wadogo waliizunguka pande mbili. Mashimo yakakutana chini kwa chini, hali waliyoiita mitobozano, na pakatokea ugomvi uliomwaga damu. Kampuni ilimwona mchimbaji mdogo kuwa mwizi, mchimbaji naye akaiona kampuni kuwa mnyang'anyi, na mnunuzi wa magendo akafaidika na wote wawili.

Mwaka 2018 jeshi lilikamilisha ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka machimbo. Wengi waliusifu ukuta, lakini ukuta peke yake hauuzi jiwe. Hatua iliyofuata haikusikika sana, nayo ndiyo iliyougusa mfuko wa mchimbaji. Mwaka 2019 serikali ilimwondolea mchimbaji mdogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, ikafungua masoko ya madini kuanzia Geita, na muuzaji akabaki na mrahaba wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Njia halali ikawa nafuu. Juni 2020, mchimbaji mdogo Saniniu Laizer aliuza serikalini mawe mawili ya tanzanite, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, akalipwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7 mchana kweupe, mbele ya kamera. Mawe kama hayo, kwa utaratibu wa zamani, yangeweza kuvuka mpaka kwa bei ya kutupa.

Karafuu za Pemba zina kisa cha namna hiyo. Mkulima alipokuwa akilipwa sehemu ndogo ya bei ya dunia, mashua zilivuka usiku kuelekea pwani ya Kenya, wala doria haikuzimaliza. Serikali ya Zanzibar ilipoamua mwaka 2011 kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, magendo yalipungua, kwa sababu sasa aliyeipeleka karafuu Mombasa alikuwa anajisumbua bure.

Orodha inayotazamwa na benki za dunia

Zipo nyakati ambapo kivuli cha watu wachache huliangukia taifa zima. Chombo cha kimataifa kinachopambana na utakatishaji wa fedha, FATF, kina orodha ya nchi zilizo chini ya uangalizi zaidi, ambayo watu huiita orodha ya kijivu. Tanzania iliingizwa humo Oktoba 2022, ikatolewa Juni 2025 baada ya kurekebisha sheria na usimamizi. Umoja wa Falme za Kiarabu, ambako ndugu zetu wengi hununua bidhaa, uliingizwa Machi 2022 ukatoka Februari 2024. Mwezi huo huo wa Februari 2024 Kenya nayo ikaingizwa.

Kuingia katika orodha hiyo si kifungo, lakini ni sawa na mtu aliyetajwa kwa shaka kijijini. Benki za nje huuliza maswali mengi zaidi, malipo huchelewa, na barua ya dhamana huwa ghali. Uchunguzi uliochapishwa na Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) mwaka 2021 ulikadiria kwamba mtaji unaoingia katika nchi iliyowekwa orodhani hupungua kwa wastani wa asilimia 7.6 ya pato la taifa. Adhabu hiyo haimchagui mwenye hatia. Mama anayeagiza vitenge kutoka ng'ambo kwa fedha yake safi huchelewa pamoja na mwenye fedha chafu.

Kivuli cha mgeni mwenyewe

Uadilifu hautukubalii tumlaumu mwenyeji tu. Jopo lililoongozwa na Rais mstaafu wa Afrika Kusini, Thabo Mbeki, lilieleza mwaka 2015 kwamba Afrika ilikuwa ikipoteza zaidi ya dola bilioni 50 kila mwaka kwa fedha zinazotoroshwa. Sehemu kubwa kuliko zote haikutokana na majambazi wala wala rushwa, ila na shughuli za biashara: bei za uongo katika ankara, na makampuni yanayojiuzia yenyewe kwa yenyewe ili faida ionekane kuzaliwa mahali pasipo na kodi. Mchuuzi anayeficha shilingi elfu tano hukimbizwa na mgambo, na aliyeficha mamilioni huvaa tai.

Tanzania ililionja jambo hili. Machi 2017 ilizuia usafirishaji wa mchanga wa madini, maarufu kama makinikia, ikidai kwamba kampuni ya Acacia haikutangaza kiasi halisi cha kilichomo. Kampuni ilikana. Likatolewa dai la kodi la dola bilioni 190, na mgogoro ukadumu zaidi ya miaka miwili, mpaka Oktoba 2019 serikali ilipokubaliana na Barrick juu ya malipo ya dola milioni 300 na kuundwa kwa kampuni ya pamoja, Twiga, huku serikali ikipata hisa asilimia 16 katika migodi. Kwa muda wote huo wawekezaji wengine walisita wakitazama, na wachimbaji walioachishwa kazi walirudi majumbani. Shaka ilikuwa ghali kwa pande zote, nayo huzaliwa pale hesabu zinapokuwa za siri.

Mlango mpana au kamatakamata

Mwaka 2004 Tanzania ilianzisha Mpango wa Kurasimisha Rasilimali na Biashara za Wanyonge (MKURABITA). Utafiti wake wa awali, uliofanywa na taasisi ya mchumi wa Peru, Hernando de Soto, ulionyesha kwamba asilimia 98 ya biashara na asilimia 89 ya ardhi na majengo vilikuwa nje ya mfumo wa sheria. Thamani ya mali hizo ilikadiriwa kuwa dola bilioni 29, takriban mara kumi ya uwekezaji wote wa kigeni tangu uhuru. Ndugu msomaji, lirudie hesabu hilo. Tulikuwa tukimtazamia mgeni alete kidogo, ilhali kikubwa tulikuwa tumekikalia bila hati.

Desemba 2018 serikali ilitoa vitambulisho 670,000 kwa wafanyabiashara wadogo wenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, kwa shilingi 20,000 kila kimoja. Mpango huo ulikuwa na kasoro zake, lakini wengi walilipa, kwa kuwa walitaka jambo moja tu: kufanya kazi bila kufukuzwa. Kinyume chake kilionekana Mei 2023, wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka wakilalamikia kamatakamata za maofisa wa kodi na masharti ya kusajili maghala, na Juni 2024 wakayafunga tena. Kariakoo huuzia watu kutoka Zambia, Malawi, Kongo na Komoro. Mteja wa nje aliyekuta milango imefungwa aliuona uwekezaji wa Tanzania kwa sura hiyo.

Wenye mamlaka wanapaswa kuelewa kwamba kodi inayotozwa kwa vitisho hurudisha watu kivulini. Mtoza kodi anayepokea rushwa amebeba dhambi mbili, kwani ameiibia hazina na amemfundisha mlipaji kwamba giza ni nafuu. Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoa rushwa pamoja na mpokeaji wake, hakumwacha mmoja.

Tuanze na daftari la nyumbani

Na sisi wenye maduka, magenge na mashamba tuanzie wapi? Tuanze na zaka. Mwislamu mwenye bidhaa za biashara zilizofikia nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, na zikatimiza mwaka, anawajibika kutoa asilimia 2.5. Atajuaje kama hakuhesabu? Anapaswa kuzithamini bidhaa zake kwa bei ya siku hiyo, ajumlishe fedha iliyopo na madeni anayotarajia kulipwa. Asiyekuwa na daftari anakisia, na anayekisia haki ya maskini yuko hatarini kuidhulumu. Mwenye madaftari mawili na ajiulize siku ya kutoa zaka atafungua lipi.

Hesabu ile ile ya zaka, ikiandikwa kila siku, ndiyo itakayompatia mkopo usio wa dhuluma, mshirika kutoka nje, na mkataba wa kupeleka mboga hotelini. Ndiyo pia itakayowaokoa mayatima wake. Ni familia ngapi zimefarakana baada ya msiba kwa sababu marehemu alikuwa na mali kwa watu, na watu walikuwa na mali kwake, na hakuna kilichoandikwa? Wavuvi na wakulima wa kijiji kimoja waunde kikundi kilichosajiliwa chenye risiti moja. Kijana aliyesoma, anayelalamika hana kazi, amwandikie mama yake hesabu za genge. Mnunuzi naye adai risiti bila kuona haya, asikubali kupunguziwa bei kwa sharti la kutoandikiwa, kwani punguzo hilo ni dawa iliyokosekana katika zahanati yake mwenyewe.

Viongozi nao wapunguze idadi ya madirisha, wapunguze viwango visivyobebeka, na wayadai makampuni makubwa uwazi ule ule wanaomdai muuza nyanya. Pande hizi mbili zikikutana katika mwanga, mgeni mwenye mtaji wa halali ataiona njia, naye mwenyeji atakuwa na kitu cha kumwonyesha.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atujaalie chumo la halali, atutilie baraka katika mizani na madaftari yetu, na atuepushe na mali inayohitaji kufichwa.